Kutia Kiungo na Kuwamba: Habari za Jiwe Jeusi la Mererani



Mzazi mmoja wa hapa Lemara, ambaye riziki yake ni udalali wa mawe ya tanzanaiti mjini Arusha, alinijia katika mwezi wa Shaabani baada ya sala ya Isha, akakaa nami barazani, akanieleza shauri lililomkosesha usingizi. Mwanawe mkubwa, niliyemsomesha mimi mwenyewe tangu alifu mpaka akahitimu juzuu zote thelathini, yumo katika mwaka wake wa mwisho wa chuo kikuu, na elimu anayoisoma ni fizikia. Mzee ameuza kiwanja kwa ajili ya karo. Sasa kijana ataka kuendelea na shahada ya pili. Na alipoulizwa kazi anayoifanya ni kazi gani, alijibu kuwa apiga hesabu za utando wa jiwe wenye unene wa atomu tatu, apate kujua utakuwaje ukivutwa kidogo, na utakuwaje ukitiwa chembe za kitu kingine.

"Maalim," akaniambia yule mzee, "mimi nina ubia katika shimo moja huko Mererani, nalo lataka mtu mwaminifu wa kulisimamia. Je, nimwache mwanangu avute utando usioonekana kwa macho, au nimpeleke shimoni?"

Sikuwa na jibu. Elimu yangu ni ya chuo cha Kurani na ya skuli ya msingi, na mtu wa namna yangu akiulizwa asilolijua, lililo bora ni kuomba muhula. Nikamwomba anisubiri mpaka kijana aje kwa likizo katika Ramadhani. Alipokuja, nilikaa naye siku tano baada ya tarawehe, nikimwuliza kama mwanafunzi amwulizavyo mwalimu wake, naye akinijibu kwa adabu, hata pale niliporudia swali moja mara tatu. Haya niyaandikayo ndiyo niliyoyafahamu. Nayaandika kwa sababu najua kwamba nyumba nyingi zetu zina kijana kama huyu na mzee kama huyu, nao hukaa mkeka mmoja wakati wa futari bila ya kuelewana.

Kijana alianza na penseli. Ule wino mkavu ulio katikati ya penseli twauita risasi, lakini risasi haimo. Ni kinywe kilichosagwa na kuchanganywa na udongo. Kinywe ni kaboni tupu, iliyopangwa tando juu ya tando, kama kurasa za kitabu ambacho hakikugundishwa vizuri. Kila tuandikapo, kurasa kadha wa kadha hubanduka na kubaki juu ya karatasi. Kurasa hizo ni nyembamba mno: katika unene wa milimita moja zaingia kadiri ya milioni 3. Watu waliandika kwa kinywe karne nyingi bila ya mtu hata mmoja kuutenga ukurasa mmoja peke yake, mpaka mwaka 2004, ambapo Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, waliweza kuubandua kwa utepe wa gundi, huu huu tunaofungia bahasha. Mwaka 2010 walipewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo. Nilicheka nilipoyasikia haya, na kijana akacheka pia. Lakini akasema kwamba utepe ulikuwa rahisi, na lililokuwa zito ni kuutambua ule ukurasa mmoja miongoni mwa maelfu.

Ukurasa wa kinywe hupitisha umeme vizuri sana. Lakini kwa kazi nyingi hiyo ni ila. Mitambo ya redio, simu na kompyuta haitaki kitu kinachopitisha umeme wakati wote. Yataka mlango unaoweza kufungwa na kufunguliwa. Vitu vyote, katika jambo hili la umeme, ni mithili ya nyumba. Shaba ni nyumba isiyo na kizingiti. Elektroni, yaani zile chembe ndogo zibebazo umeme, hutoka na kuingia zipendavyo. Kioo na mpira ni nyumba yenye ukuta mahali pa mlango, hapiti mtu. Na kuna vitu vya katikati, ambavyo vina kizingiti cha kimo cha wastani: elektroni haivuki yenyewe, lakini ikisukumwa kwa nguvu ya mwanga, au ya joto, au ya umeme mwingine, yavuka. Vitu hivi wataalamu huviita nusukipitishi. Mashuhuri kuliko vyote ni silikoni, itokanayo na mchanga, na juu yake umejengwa ulimwengu huu wa kompyuta tunaouona.

Sasa, kuna jiwe jingine jeusi linalofanana mno na kinywe, laini vile vile, lenye kuacha rangi mkononi vile vile. Jina lake ni molibdenaiti. Nalo limepangwa tando juu ya tando, ila kila utando wake una safu tatu za atomu: salfa juu, salfa chini, na katikati madini ya molibdenamu, kama nyama kati ya vipande viwili vya mkate. Katika milimita moja zaingia tando zaidi ya milioni moja na nusu. Jiwe hili lina kizingiti. Na ajabu yake ni kwamba kizingiti cha utando mmoja si sawa na kizingiti cha bonge zima. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba utando mmoja wa molibdenaiti ukimulikwa hurudisha mwanga mwekundu unaoonekana barabara, ilhali bonge la jiwe lile lile likimulikwa halitoi kitu cha kusemwa. Mwaka uliofuata, watu wa Lausanne, Uswisi, walitengeneza kwa utando mmoja swichi ya umeme inayofunga na kufungua.

Basi shughuli yote ya kijana wetu ni juu ya kizingiti hicho: namna ya kukishusha, kukipandisha, au kukiwekea ngazi, kwa kadiri ya haja. Na njia kubwa ni mbili.

Njia ya kwanza nimeiita kutia kiungo. Mpishi hutia chumvi chembe chache katika sufuria kubwa, na ladha yote yabadilika. Silikoni iliyo safi hupitisha umeme kwa unyonge sana. Lakini ikitiwa atomu moja tu ya fosforasi katika kila atomu milioni moja, upitishaji wake waongezeka mara maelfu mengi. Fosforasi ina elektroni moja zaidi ya majirani zake, na ile ya ziada haina kazi ila kutembea. Ukitia boroni, ambayo ina elektroni moja pungufu, wapata pengo, na pengo nalo hutembea kama kiti kitupu katika darasa ambalo kila mtoto ahamia kiti cha mbele yake. Mbili hizi zikikutanishwa ndipo pazaliwapo vyombo vyote vya elektroniki. Kwa molibdenaiti mambo ni hayo hayo: reniamu huongeza elektroni, na niobi hupunguza. Niobi hiyo nchi yetu inayo, katika kilima cha Panda Hill karibu na Mbeya.

Hapa ndipo nilipomwambia kijana ampe baba yake mfano ulio karibu naye, naye akampa, na yule mzee akanyamaza kitambo kirefu. Tanzanaiti ni nini? Ni jiwe la zoisaiti, ambalo likiwa safi halina rangi ya kumpendeza mtu. Uchache wa vanadiamu, iliyoingia mahali pa baadhi ya atomu za alumini huko chini ya ardhi, ndio unaolifanya libebe ile buluu iliyomlisha mzee huyu na watoto wake kwa miaka ishirini. Hata tunapolitia jiwe la rangi ya kahawia katika tanuri, kwa joto la nyuzi 500 au 600 hivi, likatoka buluu, hatuliongezi kitu. Twabadilisha tu hali ya hizo chembe chache zilizokuwamo. Rubi ya Longido nayo ni kadhalika: jiwe lisilo na rangi, lililotiwa kromiamu kidogo likawa jekundu. Mzee amekuwa akiuza viungo siku zote bila ya kujua.

Lakini kutia kiungo katika utando ni kazi ngumu kuliko kutia katika bonge. Chumvi ya sufuria la pilau ukiitia katika kikombe kimoja cha chai, hakinyweki. Utando wa atomu tatu hauna ndani, wote ni nje. Hata hewa na unyevu vinavyotua juu yake huugeuza tabia. Ndiyo maana wataalamu wengine hawathubutu kuzitoa atomu zake na kuweka nyingine, bali huweka juu yake dawa fulani ya kutoa au kupokea elektroni, bila ya kuuvunja mpangilio wake.

Njia ya pili ni kuwamba. Bila ya kuingia katika hitilafu za maulamaa juu ya dufu, kila aliyewahi kuhudhuria maulidi amewaona vijana wakilisogeza dufu karibu na makaa kabla ya kuanza. Ngozi ikipata joto hukauka, ikakazika, na sauti yake ikapanda. Hakuna kilichoongezwa na hakuna kilichopunguzwa. Ngozi ni ile ile, ila imevutwa. Utando wa jiwe nao ukivutwa, atomu zake huachana kidogo, na kizingiti hubadilika. Kwa molibdenaiti, kuuvuta utando kwa asilimia 1 tu hushusha kizingiti kwa kadiri ya asilimia 2 hadi 5, kwa mujibu wa ulivyovutwa, upande mmoja au pande zote. (Na hapa mfano wangu wa dufu wachechemea, kwani sauti ya dufu hupanda na kizingiti hushuka. Kijana alinisahihisha, nami nimekubali.) Huvutwaje? Hulazwa juu ya kipande cha plastiki, kisha plastiki yapindwa, kama mtoto apindavyo rula.

Yafaa ijulikane kwamba silikoni nayo huwambwa. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 viwanda vya kompyuta vimekuwa vikiivuta silikoni kwa kiasi kidogo mno ili elektroni zipite kwa wepesi. Lakini bonge la silikoni ni kama sahani ya kaure, lavunjika mapema. Utando wa molibdenaiti waweza kuvutwa hata kufika kadiri ya asilimia 10 kabla ya kuchanika, na hesabu zaonyesha kwamba ukivutwa pande zote mpaka hapo, kizingiti chaondoka kabisa na nusukipitishi yageuka kipitishi. Kijana ndipo aliponiambia neno lililonifungua macho: njia mbili hizi haziachani. Atomu ngeni ikiwa kubwa au ndogo kuliko ile iliyoondoka, huwasukuma au huwavuta majirani zake. Yaani kutia kiungo kwenyewe ni kuwamba. Na utando uliowambwa hupokea kiungo kwa namna nyingine. Mtu hawezi kujua matokeo kwa kukisia. Hapana budi ahesabu.

Nikamwuliza, "Mwanangu, na vitu hivi vyapatikana wapi, au ni vya Ulaya tu?" Akatabasamu, akasema, "Maalim, vingine baba avitupa."

Mwaka 2016 John Jaszczak wa Chuo Kikuu cha Michigan Tech, Marekani, pamoja na wenzake wa Marekani, Uingereza na Italia, waliutangazia ulimwengu madini mapya yasiyojulikana kabla yake, nao wakayapa jina la merelaniaiti, kwa kuwa yametoka katika machimbo yetu ya tanzanaiti huko Mererani. Ni vinywele vyeusi vya kung'aa kama chuma, vyembamba kuliko uzi, navyo huota juu ya mawe mengine ndani ya mapango madogo ya mwamba. Mchimbaji atafutaye buluu hana haja navyo. Ukilisugua jiwe kwa brashi na maji vimekwisha kwenda. Lakini ukikikata kinywele kimoja na kukitazama kwa darubini yenye nguvu, waona kwamba ni mkeka uliokunjwa, tando nyingi zilizozungushwa pamoja. Utando mmoja ni ule ule wa molibdenamu na salfa. Unaofuata ni wa risasi na salfa, mchanganyiko unaopatikana katika aina nyingi za wanja wa manga. (Kwa ajili hiyo madaktari hukataza wanja wa namna hiyo kwa watoto wachanga, kwani risasi ni sumu, nalisema hili kwa mama zetu, ijapokuwa silo lililonileta.) Kisha utando wa molibdenamu tena, na kuendelea. Ndani ya tando hizo zimo vanadiamu na antimoni, viungo vilivyotiwa bila ya mpishi. Na kwa kuwa vipimo vya tando za aina mbili havilingani, huvutana, na kuvutana huko ndiko wataalamu wanakokutaja kuwa sababu ya kujikunja.

Tazama basi. Watu wa maabara hutumia mashine za thamani kubwa kupanga utando wa namna moja juu ya utando wa namna nyingine, wautie kiungo, wauwambe. Na katika mwamba ulio upande wa pili wa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mwendo wa asubuhi moja kutoka hapa, yote matatu yamekwisha fanyika katika unywele mmoja. Watafiti wa Marekani wamekwisha kuibandua merelaniaiti kwa utepe, kama walivyofanya wale wa Manchester, na kupima jinsi inavyougeuza mwanga. Jina la mji wetu limo katika vitabu vyao. Mkono ulioandika ni wa mbali.

Hili ndilo lililonitia uchungu, wala si uchungu wa kumlaumu mgeni. Aliyetazama ndiye aliyeona.

Je, kijana wa Lemara asiye na mashine hizo aweza kufanya nini? Aweza kuhesabu, na hapa pana jambo la kumshukuru Mungu. Mwaka 1964, mwaka ule ule wa Muungano wetu, Walter Kohn na Pierre Hohenberg walionyesha njia ya kuhesabu tabia za kitu kizima kwa kujua tu elektroni zake zimejaa wapi na zimepungua wapi, bila ya kuifuata elektroni moja moja. Kohn alipata Nobeli ya kemia mwaka 1998. Na katika mwaka huo huo wa 1964 Abdus Salam, mzaliwa wa Punjab na raia wa Pakistani, alianzisha huko Trieste, Italia, kituo cha fizikia kwa ajili ya wasomi wa nchi zisizo na mali. Programu wanazozitumia vijana wetu leo kwa hesabu za tando ziliandikwa kwa sehemu kubwa katika mji huo, nazo hutolewa bure. Tangu mwaka 2010 yako mafunzo ya Kiafrika ya hesabu hizi, ambayo huhama nchi hadi nchi. Mwaka 2012 yalifanyika Eldoret, Kenya. Na mwaka 2018 taasisi iliyo tawi la mwenendo huo wa Trieste ilifunguliwa Kigali, Rwanda, ikifundisha shahada ya pili na ya tatu. Hapa kwetu, mtu apandaye daladala ya kwenda Tengeru aweza kufika Nambala, kwenye Taasisi ya Nelson Mandela, iliyoanza kufundisha mwaka 2011 na yenye watu wa elimu ya mata na nishati.

Sitaki nimdanganye mzazi. Tando hizi bado zimo zaidi katika maabara kuliko sokoni. Kuutengeneza utando mpana usio na tundu ni kazi ambayo haijakamilika, na kuuunganisha na waya bila ya kuuharibu ni tabu nyingine. Kijana mwenyewe alinieleza kuwa hesabu moja yaweza kuchukua siku tatu, na kwamba mara moja umeme ulikatika siku ya tatu, ikabidi aanze upya. Hatatajirika mwaka huu wala ujao. Lakini shimo nalo nalijua. Nakumbuka mafuriko ya mwaka 1998, na yale ya mwaka 2008, yalivyoingia katika mashimo ya Mererani na kuwafunika watu kwa makumi. Niliomboleza katika nyumba zao. Nawajua pia wale watoto waitwao nyoka, waliokuwa wakitambaa katika vitundu asivyopita mtu mzima, baadhi yao wakiwa wamekimbia chuo changu. Haya yote nilimweleza mzee, nikamwambia kuwa uamuzi ni wake yeye na mwanawe.

Siku ya Idi pili alikuja nyumbani kwangu pamoja na kijana, na katika mfuko wa kanzu alikuwa na kisanduku cha kiberiti. Ndani mlikuwa na vipande saba vya mawe meusi alivyoviokota katika kifusi cha shimo lake, baada ya miaka ishirini ya kuvikanyaga. Kijana aliomba kisahani cheupe cha kahawa. Akasema kuwa kinywe kikisuguliwa juu ya kaure huacha alama nyeusi ya kijivu, na molibdenaiti huacha alama yenye kuelekea ukijani. Akasugua kimoja baada ya kimoja, nasi tumeinamia kisahani kama watu watazamao mwezi mwandamo. Sita viliacha weusi. Cha saba tulibishana. Mzee akasema ni kijani, mimi nikasema ni macho yake, na kijana akasema kwamba lisisemwe neno mpaka kipimwe, naye atakichukua aendapo chuoni.

Mzee akakirudisha peke yake katika kisanduku, akaniomba penseli, na juu ya kifuniko akaandika tarehe na jina la shimo.